Shamba alilolipeleka madhabahuni analitaka tena: je, ipo ahadi isiyo na mlango wa kutokea?

#1 Karani wa Wazee (Rungwe)

Habari za jioni wanajukwaa. Mimi ni katibu wa baraza la wazee katika usharika mmoja wilayani Rungwe, ambao kwa heshima ya wahusika sitautaja. Mwaka 2014, katika ibada ya mavuno, mzee mmoja alitoka kwenye benchi lake akiwa ameshika sahani ya bati iliyofunikwa kwa kitambaa cheupe, akaipeleka mpaka madhabahuni, na alipoifunua tukaona udongo mweusi, mbichi, ambao ulikuwa bado na mzizi wa jani la tembo ndani yake. Akasema kwamba ekari moja ya shamba lake, ile inayopakana na barabara, amempa Mungu, na kwamba hatairudia tena yeye wala uzao wake. Tulipiga makofi, mchungaji akaomba, kwaya ikaimba, na sahani ile ikakaa madhabahuni mpaka Jumapili iliyofuata.

Miaka kumi imepita. Kanisa halijajenga kitu pale. Vijana wa mzee wamerudi kutoka mjini, majirani wote wamepanda parachichi, na mwezi uliopita baraza limepokea barua yenye saini ya mzee mwenyewe akiomba kurudishiwa ardhi yake. Nusu ya wazee wanasema arudishiwe kwa sababu Mungu hana njaa ya ekari moja. Nusu nyingine wanasema kilichowekwa madhabahuni hakishuki. Ninaomba mawazo yenu, tena si kuhusu kesi hii peke yake: je, ipo ahadi, katika dini au katika mambo ya umma, ambayo mtu akishaitoa hana tena pa kutokea? Nawaomba sana tusijadili parachichi.

#2 Mkulima wa Viazi (Makete)

Ndugu Karani, umetukataza kujadili parachichi, lakini kama zao hilo lisingepanda bei, ekari hiyo ingekuwa bado ya Mungu hadi leo na barua isingeandikwa. Huku kwetu Makete hakuna anayedai chochote kwa Mungu, kwa sababu viazi havijawahi kumtia mtu tamaa ya namna hiyo.

#3 Mchungaji bila Kola (Mbeya)

Naomba nianze na Maandiko, kwa sababu nina hofu kwamba wazee wako wote wawili, wa kushoto na wa kulia, wanasoma nusu ya ukurasa. Mhubiri sura ya 5 inasema wazi kwamba ni heri kutoweka nadhiri kuliko kuiweka na usiiondoe, na Zaburi ya 15 inamsifu mtu aliyeapa kwa hasara yake mwenyewe na bado hayabadili maneno yake. Wanaokataa kurudisha wanasimama hapo, na wana haki ya kusimama hapo.

Hata hivyo, Mambo ya Walawi sura ya 27 inatenganisha vitu viwili ambavyo sisi makanisani tumevichanganya. Mtu aliyetakasa nyumba yake au shamba lake kwa Bwana alikuwa na njia ya kulikomboa: kuhani analithamini, mwenye mali analipa thamani hiyo na kuongeza sehemu ya tano juu yake, kisha mali inarudi kwake. Lakini kitu kilichowekwa wakfu kabisa, iwe mnyama au shamba la urithi, hakiuzwi wala hakikombolewi. Kwa hiyo Torati ile ile ina ahadi yenye mlango na ahadi isiyo na mlango, na swali la kumuuliza mzee huyo ni aina gani aliitoa siku ile. Ninavyojua ibada zetu za mavuno, sidhani kama yupo aliyemuuliza.

#4 Miyomboni (Iringa)

Asalaam alaykum na amani kwenu nyote. Mchungaji amenitangulia kwa neno ambalo nilitaka kulishika mimi. Neno wakfu mmelipata kutoka Kiarabu, ambako asili yake ni kusimamisha na kuzuia, na sisi Waislamu tuna fiqhi nzima, yaani elimu ya sheria za dini, iliyojengwa juu yake. Umar ibn al-Khattab alipopata ardhi Khaybar alimwendea Mtume, rehema na amani zimshukie, kuomba ushauri, naye akaelekezwa kwamba akipenda auzuie mwili wa mali na kuyatoa sadaka mazao yake. Ndipo Umar akaitoa kwa sharti kwamba isiuzwe, isitolewe zawadi wala isirithiwe.

Katika madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo ya wengi wetu Afrika Mashariki, wakfu unafunga pale tamko linapotimia, na aliyetoa hana tena umiliki wa kuurudia. Imamu Abu Hanifa aliona tofauti. Kwake yeye mtoaji aliweza kurudi nyuma maadamu kadhi hajatoa hukumu, ingawa wanafunzi wake wakubwa wawili, Abu Yusuf na Muhammad, hawakumfuata katika hilo. Nalitaja hili ili ijulikane kwamba hata ndani ya nyumba moja mabingwa walibishana kuhusu swali hili hili la Karani, na hawakuitana makafiri.

Jambo la pili ni kwamba tunatenganisha wakfu na kiapo. Kiapo kinavunjika kwa kafara: kulisha maskini kumi, au kuwavisha, au kumwacha huru mtumwa, na asiyeweza afunge siku tatu. Huo ni mlango wenye ada inayojulikana. Zawadi ya kawaida nayo ina hadithi kali, kwamba anayerudia zawadi yake ni kama mbwa anayerudia matapishi yake, ila baba kwa mtoto wake. Je, mzee wenu alitoa wakfu, aliapa, au aligawa zawadi?

#5 Karani wa Wazee (Rungwe)

Nashukuru, Mchungaji na Ustadhi. Alisema "nimempa Mungu". Nadhani hakuna hata mmoja wetu aliyejua kwamba kuna aina tatu.

#6 Wakili wa Mwanjelwa (Mbeya)

Mabibi na mabwana, Mungu hana cheti cha hakimiliki ya kimila, kwa hiyo mahakama haitamtambua kama mpokeaji. Itauliza nani alipewa, nani alipokea na nani alikabidhiwa. Zawadi ya ardhi hukamilika pale nia ya kutoa, kukubali na makabidhiano vinapokutana, na kama shamba liko kijijini, Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inataka uhamisho wa haki ya kimila upate idhini ya halmashauri ya kijiji. Sahani ya bati ni ushahidi mzuri wa nia. Je, mlikwenda kwa mwenyekiti wa kijiji? Je, mipaka ilipimwa hata kwa kamba? Kama hamkufanya hivyo, mnachokishikilia ni ahadi, na ahadi ya kutoa zawadi kwa kawaida haimlazimishi mtu mbele ya sheria, hata iwe imepigiwa makofi na watu mia tatu.

#7 Kijana wa Mbalizi

Wakuu, mimi naona mnajichosha. Hakuna ahadi isiyotenguliwa. Kuna ahadi ambazo bado hazijapata mtu mwenye maslahi ya kuzitengua. Tazameni mambo ya umma. Azimio la Arusha lilitangazwa kama agano la taifa, watu walitembea kwa miguu mikoa na mikoa kuliunga mkono, na likafutwa Zanzibar mwaka 1992 ndani ya ukumbi, bila wananchi kuulizwa. Edward Lowassa alihama chama chake mwaka 2015 kwa maneno mazito, na mwaka 2019 akarejea na kupokewa. Ikiwa viongozi wana mlango, kwa nini mzee wa Rungwe, ambaye ana ekari tu, afungiwe ndani?

#8 Chaki na Ubao (Iringa)

Nimefundisha historia kwa miaka mingi, na kwa hiyo mtanivumilia nikisahihisha kabla ya kuchangia. Kijana wa Mbalizi, Azimio la Zanzibar ni la mwaka 1991, si 1992. Mwaka 1992 ndio wa kurejea kwa vyama vingi. Tena hakuna aliyetamka kwamba Azimio la Arusha limefutwa. Lilichofanya kikao cha Zanzibar ni kulegeza masharti ya uongozi, yaani yale ya mwaka 1967 yaliyosema kwamba kiongozi asiwe na hisa katika kampuni, asiwe mkurugenzi wa kampuni ya kibepari, asipokee mishahara miwili au zaidi na asiwe na nyumba ya kupangisha. Jina la Azimio liliachwa ukutani.

Sasa hoja yangu. Masharti yale yalitenguka kwa sababu mtu alikuwa anaahidi kutokufanya jambo kesho, na kesho hiyo ilikuwa inakuja kila asubuhi ikiwa na kiwanja kipya na mpangaji mpya. Ahadi ya namna hiyo unaitoa upya kila siku, utake usitake, na siku moja tu ya kusinzia inatosha. Ahadi ambayo haitenguki ni ile ambayo tendo lake limekwisha. Nyerere alipoacha Uwaziri Mkuu Januari 1962, baada ya wiki chache tu za uhuru, watu walidhani amejifunga nje, na mwaka huo huo haujaisha akachaguliwa Rais. Alipoacha Urais mwaka 1985 hakurudi tena. Maneno ya kuaga yalikuwa karibu sawa. Kilichotofautiana ni kwamba safari ya pili kulikuwa na mtu mwingine amekalia kiti.

Kwetu Kalenga mfano ni mkali zaidi. Mkwawa, mtemi wa Wahehe aliyepigana na Wajerumani, alikuwa na miaka minne ya kujisalimisha, tangu ngome yake ya Kalenga ilipoanguka Oktoba 1894 hadi alipojipiga risasi tarehe 19 Julai 1898, na katika miaka hiyo Wajerumani waliweka zawadi ya fedha kwa atakayempata. Wazee wetu husimulia kwamba aliapa hatashikwa akiwa hai. Kama aliapa kwa maneno au hakuapa, mimi sikuwepo, lakini risasi ile haikuacha nafasi ya baraza kukaa na kujadili barua ya maombi.

#9 Mngoni wa Songea

Shikamoo Mwalimu. Mimi kama mtani wa Wahehe nina haki ya kukumbusha kwamba fuvu la mtemi wenu lilisafiri zaidi ya mtemi mwenyewe, na mkalipata mwaka 1964 baada ya kuwabembeleza Waingereza. Kuhusu hoja, mbona hamsemi Muungano? Tarehe 26 Aprili 1964 udongo wa pande mbili ulichanganywa katika chungu kimoja. Hebu mtu aniambie atautenganishaje. Naona hata mzee wa Rungwe alijua siri hiyo, ndiyo maana alibeba udongo na hakubeba hati.

#10 Chaki na Ubao (Iringa)

Marahaba, mtani. Udongo wa Muungano ni wa 1964, fuvu ni la 1954, usituunganishie miaka kama mlivyotuunganishia ng'ombe. Tena mfano huo ni wako wa kujipiga: Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919, kifungu cha 246, uliitaka Ujerumani ilikabidhi fuvu hilo kwa serikali ya Uingereza ndani ya miezi sita. Twining, gavana wa Kiingereza wa Tanganyika, alilileta Kalenga miaka 35 baadaye, baada ya kulichagua kwenye mkusanyiko wa mafuvu katika makumbusho ya Bremen, na wapo wanaotia shaka kama ndilo lenyewe. Mkataba ulitiwa saini na mataifa, ukapigwa mihuri, na hakuna aliyeutengua. Ulikaa tu bila kutekelezwa. Tuihesabu hiyo ni ahadi iliyovunjwa, au ni ahadi iliyochelewa?

#11 Wakili wa Mwanjelwa (Mbeya)

Kuhusu chungu cha udongo, naomba nisiingie kwenye siasa, nitaje Katiba tu. Ibara ya 98 inaruhusu kubadilishwa hata kwa yale yanayohusu Muungano, ila kwa kura ya theluthi mbili ya wabunge wa Tanzania Bara na theluthi mbili ya wabunge wa Zanzibar, kila upande peke yake. Makubaliano ya mwaka 1964 yalikuwa na mambo ya Muungano 11, na leo orodha ina 22. Kwa hiyo udongo ulichanganyika siku moja, lakini makubaliano yameendelea kukorogwa. Wajerumani ndio waliojaribu kufunga kabisa: Katiba yao ya 1949, ibara ya 79, inakataza kubadilisha baadhi ya misingi, kama vile utu wa binadamu na mfumo wa majimbo, hata Bunge lote likikubali. Hata hivyo, kufuli la karatasi linafunga mikono ya wanaoheshimu karatasi tu.

#12 Aliyevua Shela (Njombe)

Nimesoma tangu juzi bila kuchangia. Naona ninyi baba zangu mnazungumza habari za milango mkiwa nje ya nyumba, basi niwaambie iliyo ndani.

Niliweka nadhiri za kwanza nikiwa na miaka 22, katika shirika ambalo sitalitaja, nikazirudia kwa muda uliopangwa, kisha nikaweka za daima. Kanisa Katoliki halimharakishi mtu hapo. Kuna unovisi, yaani kipindi cha malezi na majaribio, kuna nadhiri za muda zisizopungua miaka 3, na Sheria ya Kanisa hairuhusu nadhiri za daima kabla ya miaka 21 ya umri. Siku ile tulilala kifudifudi sakafuni wakati wa litania ya watakatifu. Ilikuwa Julai, na ninyi mnaoijua Njombe mnajua Julai ya saa tatu asubuhi. Walitutandikia kitambaa chembamba, na ninachokumbuka zaidi kuliko wimbo wowote ni baridi ya saruji kwenye shavu langu la kushoto na sauti ya mama yangu mzazi akikohoa benchi la tatu. Nilisema "daima" nikiwa na akili timamu, na sikusema uongo. Hilo ndilo watu huwa hawaniamini.

Niliondoka baada ya miaka tisa ya hiyo daima. Sababu ni zangu na Mungu wangu. Utaratibu upo: unaandika barua kueleza sababu nzito, viongozi wa shirika wanatoa maoni yao, kisha inakwenda kwa mwenye mamlaka ya kukufungua, ambaye kwa mashirika ya kipapa ni Roma na kwa mashirika ya jimbo anaweza kuwa askofu. Jibu lilipofika niliitwa ofisini, nikasomewa, nikaelezwa kwamba hata sasa, barua ikiwa mezani na muhuri wake, nina haki ya kuikataa na kubaki. Kalamu ilikuwa ya bluu, ya kubonyeza, nami niliibonyeza mara nyingi sana kabla ya kusaini. Kwa hiyo, Kijana wa Mbalizi, umesema kweli kwamba mlango upo. Lakini usiseme kwamba kwa sababu mlango upo basi ahadi haikuwa ya daima. Mpaka leo, miaka sita tangu siku hiyo, kengele ya saa kumi na moja alfajiri ikipigwa kanisani mwili wangu unaamka wenyewe.

#13 Kijana wa Mbalizi

Dada, nakuheshimu na nimekuelewa, ila naomba kuuliza kwa nia njema: kama Roma inaweza kufungua, basi kulikuwa na haja gani ya kutumia neno daima? Si bora waseme "mpaka itakapoamuliwa vinginevyo", kama mikataba ya kazi?

#14 Aliyevua Shela (Njombe)

Kwa sababu ningeambiwa hivyo nisingelala sakafuni. Ningelala kwenye kiti.

#15 Mchungaji bila Kola (Mbeya)

Jibu hilo nitaliiba kwa mahubiri, dada, usinidai. Naongeza kwamba hata Wakatoliki wenyewe wana ngazi. Nadhiri zinafunguliwa, lakini upadre ukishatolewa kihalali wao wanaamini haufutiki kamwe. Padre anaweza kuondolewa katika hali ya ukleri na kuzuiwa kuhudumu, na bado wanahesabu kwamba alama aliyotiwa rohoni ipo. Ndoa ya wabatizwa iliyofungwa kihalali na kukamilishwa nayo wanasema haivunjwi na mamlaka yoyote ya kibinadamu. Mahakama zao za ndoa hazivunji. Hutamka kwamba tangu mwanzo hakikuwepo kifungo. Wapo wanaosema huo ni mchezo wa maneno. Mimi ni Mprotestanti, na sisi tuna wachungaji waliovua kola na kuivaa tena, nikiwemo mimi jina langu, kwa hiyo sina jiwe la kurusha.

#16 Wakili wa Mwanjelwa (Mbeya)

Serikali nayo ina ngazi zake katika ndoa. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka kwa kawaida mgogoro upite kwanza baraza la usuluhishi, hairuhusu kuomba talaka katika miaka miwili ya mwanzo bila ruhusa maalumu ya mahakama, na mahakama haitoi talaka mpaka iridhike kwamba ndoa imevunjika kiasi cha kutorekebishika. Kuna kufuli moja ambalo wengi hawalijui: ndoa ya mke mmoja inaweza kugeuzwa kuwa ya wake wengi kwa tamko la wanandoa wote wawili, lakini ile ya Wakristo iliyofungwa kanisani haiwezi kugeuzwa hivyo maadamu wote wawili wanaendelea kuwa Wakristo. Bunge lenyewe liliona kwamba ahadi fulani za kidini zishikwe na mkono wa serikali.

#17 Mkulima wa Viazi (Makete)

Wakili, hilo kufuli la mwisho naomba usilitaje kwa sauti, kuna wazee hapa Makete walikuwa hawalijui na walikuwa wanaishi kwa amani.

Turudi Rungwe. Mimi naona mnamhukumu mzee kama vile aliyetoa ndiye huyu anayedai. Mwaka 2014 alikuwa baba ambaye watoto wake wako mjini, na alidhani hawatarudi. Leo wamerudi na hawana pa kulima. Je, mtu anaweza kumfunga mtu ambaye bado hajawa?

#18 Miyomboni (Iringa)

Mkulima, ndiyo maana kuna mipaka: wosia haufungi mpaka mtu afe, na hata akifa hauzidi theluthi ya mali bila ridhaa ya warithi, ili mtu asiwe mkarimu kwa mkate wa wanawe. Lakini wakfu wa mtu mzima mwenye afya hauna mpaka huo. Nina mjomba aliyetoa nyumba ya vyumba vinne kuwa wakfu wa madrasa, na watoto wake mpaka leo wanapita mbele ya nyumba hiyo wakienda kulipa kodi kwenye chumba cha kupanga. Mmoja wao ananiambia anajivunia, mwingine hanijibu salamu nikigusa habari hiyo. Wote wawili ni wanawe kweli.

#19 Aliyevua Shela (Njombe)

Karani, nina swali moja ambalo katika michango kumi na minane hakuna aliyeliuliza. Siku sahani ilipopelekwa madhabahuni, mama mwenye shamba alikuwa wapi?

#20 Karani wa Wazee (Rungwe)

Dada, swali hilo limenilaza macho. Mama alikuwa kwenye kwaya, sauti ya pili. Nimemuuliza mjumbe mwenzangu, na sote tunakumbuka kwamba kitambaa kilipofunuliwa yeye alikuwa anatazama kama sisi, na kwamba wimbo ulipoanza alichelewa kuingia. Hakuwa ameambiwa.

Kwa kuwa nimeanza kusema kweli, niseme yote. Nimefungua kitabu cha mihutasari. Mwandiko ni wangu, na nimeandika kwamba ardhi imetolewa "kwa matumizi ya kanisa". Lakini wajumbe watatu wanakumbuka kwamba mzee alisema "kwa ajili ya zahanati", kwa kuwa mwaka uliotangulia mjukuu wao alifia njiani akipelekwa Tukuyu usiku. Nikitafakari, hata mimi nasikia neno hilo zahanati. Sijui kwa nini sikuliandika.

#21 Wakili wa Mwanjelwa (Mbeya)

Ndugu Karani, mambo haya mawili yanageuza kila kitu. Shamba ambalo wanandoa wanalitumia pamoja si la mmoja kuligawa peke yake, na zawadi yenye sharti ambalo halikutimizwa kwa miaka kumi inajadilika. Najua pia kwamba kuna mzee kwenye baraza lenu atakayesema bakini kimya miaka miwili, mtimize kumi na miwili ya Sheria ya Ukomo, ambayo ikipita mwenye ardhi hawezi tena kuidai mahakamani, na shamba litakuwa lenu. Mwambieni kwamba aliyekaribishwa kwenye ardhi hawi mmiliki kwa kuhesabu miaka dhidi ya mwenyeji aliyemkaribisha.

#22 Mchungaji bila Kola (Mbeya)

Hesabu sura ya 30 inasema kwamba baba anaweza kutangua nadhiri ya binti aliye nyumbani kwake, na mume ya mkewe, mradi afanye hivyo siku anayoisikia. Akinyamaza, nadhiri imethibitika. Nimeisoma tena leo mara mbili. Mke hakupewa nafasi ya kutangua ya mumewe. Nilikuwa nimeipita sura hiyo miaka yote bila kuona kwamba haikuandikwa upande wa pili. Hata hivyo sitaki kwenda haraka: mama alinyamaza siku ile, na miaka kumi baadaye. Kunyamaza kwenye kwaya ni kukubali?

#23 Mngoni wa Songea

Mchungaji, mwanamke aliyechelewa kuingia kwenye wimbo hakunyamaza.

#24 Chaki na Ubao (Iringa)

Mtani, kwa mara ya kwanza umesema neno. Lakini mimi bado nasimama upande wa sahani. Tukikubali kwamba kila ahadi inaweza kufunguliwa kwa kutafuta nani hakuulizwa, basi hakuna ahadi itakayosimama, kwa sababu siku zote yupo ambaye hakuulizwa, wajukuu kwanza. Mfalme wa Uajemi katika kitabu cha Esta alikuwa na sheria isiyotanguka, na alipogundua kwamba imeelekezwa kuua watu wasio na hatia hakuifuta. Aliandika ya pili, ya kuwaruhusu wajitetee. Labda baraza liandike barua ya pili: ardhi ibaki ilikopelekwa, na zahanati ianze kujengwa mwaka huu.

#25 Kijana wa Mbalizi

Mwalimu, kwa fedha zipi? Hiyo nayo ni ahadi, na sasa mnataka kuitoa kwa niaba ya waumini ambao hawajaulizwa.

#26 Aliyevua Shela (Njombe)

Mimi sina upande. Ningependa mama aulizwe tu, tena asiulizwe mbele ya baraza, na asiulizwe na mwanamume aliyeshika kalamu. Samahani Karani, sikusemi wewe.

#27 Karani wa Wazee (Rungwe)

Unanisema mimi, na ni sawa. Nilimtuma mke wangu jana jioni, wamekaa jikoni kwa mama mpaka usiku wakimenya ndizi. Mama amesema mambo mawili. La kwanza, zahanati aliitaka yeye kabla ya mzee, na ni yeye aliyekuwa akilia usiku kwa ajili ya mjukuu. Alichokasirikia siku ile ni kwamba sahani iliyotumika ilikuwa yake, na haijarudishwa hadi leo. La pili, kabla hatujaamua shamba ni la nani, kuna mtu afyeke yale majani, kwa sababu tangu kanisa lipewe ekari ile haijalimwa, na nyoka wanavuka wanaingia kwenye banda lake la kuku.

Baraza limeahirisha kikao mpaka baada ya mavuno ya mahindi. Sahani nimeikuta kabatini mwa sakristia, ina vibiriti ndani, nitampelekea Jumamosi. Kuhusu kufyeka tumeshindwa kuelewana: wanaosema shamba ni la kanisa wanasema kanisa halina fungu la kufyeka, na vijana wa mzee wanasema hawawezi kushika panga kwenye shamba ambalo bado si lao.

#28 Mkulima wa Viazi (Makete)

Nitumieni nauli, nije na panga langu.